Enefsa

Kesho ni mtihani wa Kigiriki cha kale
na Sakellaris, miaka kumi na sita, chumvi bado mgongoni,
ameketi mezani jikoni na kitenzi kimoja
kinachokataa kumwelea.

Neo, anasoma. Naogelea.
Herufi tatu tu.
Mstari wa chini yake: neo, nasokota uzi.
Wa chini zaidi: neo, narundika,
kama kuni, kama maiti wanaongoja moto.
Anaifunga kamusi. Anaifungua.
Bado ni vitatu, vimevaa shati moja.

Vyaelea vimeundwa, sawa,
lakini hiki aliyekiunda alikuwa na haraka gani?

Kalimnos nzima hakuna asemaye neo akamaanisha maji.
Mwambie neo mtoto wa gatini,
atakuuliza kuna kipya gani.
Kuogelea wao huita kolimbo,
na kolimbo, mwalimu alisema huku akifuta chaki kwenye kiwiko,
zamani ilikuwa kupiga mbizi, kazi ya washukao.
Neno la kushuka likapanda,
likakikalia kiti cha neno la kuogelea,
nalo la kuogelea likazama
hata povu halikutoa.

"Soma kwa sauti," anasema bibi yake, Themelina,
aliye karibu na jiko, sufu mapajani.
Wagiriki wa kale walikuwa na kejeli yao kwa mjinga:
herufi hajui, kuogelea hajui.
Themelina hajui vyote viwili.
Miaka themanini na moja kisiwani,
maji hayajawahi kumpita magoti.

"Wakati uliopita," anasoma kijana. "Enefsa. Niliogelea."
Kisha, kwa hasira: "Tazama huu wizi!
Enefsa ni pia *niliitikia kwa kichwa*.
Kitenzi kingine kabisa, bibi. Wakati uliopita umewakutanisha.
Mtu atajuaje?"

Kijiti cha kusokotea kinasimama.

"Babu yako Nomikos," anasema,
"aliondoka baada ya Pasaka na mashua za sifongo,
akarudi Oktoba amebebwa.
Alipanda juu upesi mno kutoka kilindini;
miguu ikatangulia kufa, yeye akabaki.
Miaka tisa, kila jioni ya kiangazi,
kaka zangu wawili walimbeba kama gunia
wakamshusha pale penye mwamba, nyuma ya kanisa la Mtakatifu Nikola.
Ndani ya maji, mwanangu,
hakuna aliyemuuliza habari ya miguu.
Mimi nilikaa juu ya mwamba, nasokota.
Akifika mbali aligeuka kunitazama:
niende zaidi?
Siwezi kupaza sauti, kifua changu unakijua.
Basi."

Anainamisha kidevu mara moja, polepole,
vile watu wa huku wanavyosema ndiyo.

Kijana anatazama ukurasa.
Enefsa. Nafsi ya kwanza, umoja.
Hakuna mahali pa kuandika kwamba nafsi walikuwa wawili,
mmoja majini, mmoja na uzi,
na nyuma yao, kando ya mlango,
rundo la sifongo ambalo hakuna aliyetaka kuliuza.
Anachukua penseli, anaiweka.
Anauliza tu: "Siku ya mwisho pia?"

"Siku ya mwisho ilinyesha," anasema Themelina. "Hatukwenda."
Kijiti kinaanza tena kuzunguka.

Asubuhi karatasi ya mtihani haikuuliza neo.
Iliuliza kitenzi cha kulipa, nyakati zote sita,
na Sakellaris akakosea mbili.
Alipotoka hakupitia nyumbani.
Alivua viatu penye ule mwamba,
akaingia na suruali yake ya shule,
akaenda mbali, mbali kuliko inavyoruhusiwa,
kisha akageuka.

Mwambani hapakuwa na mtu.
Akainamisha kichwa mwenyewe,
maji yakamwingia puani,
akakohoa, akacheka, akaendelea.